Jibu la Kitanda, Kutoka Kwenye Theluji

Guildford, Sydney
Jumapili mchana

Kwako Bibi yangu,

Shikamoo. Nakuamkia nikiwa nimekaa, uniwie radhi, maana miguu yangu leo haikubali kusimama wala kupiga goti. Kifua kimetulia, au baridi ya mwezi huu bado inakukohoza alfajiri? Mjomba Kasimu hajambo? Kabichi za bonde la chini zimepona na ule ukungu? Na paka je, amezaa, au alikuwa amenenepa tu? Hapa ndipo ningeandika "sisi huku hatujambo" nikapita, kama barua zote. Lakini hii nimejiwekea sharti kwamba sitaandika neno hilo mpaka nifike mwisho nione kama ni kweli.

Barua anaibeba Mama Nuru wa Minto, mtaa wa huku Sydney, anayefanya kazi na Mama. Anasafiri Alhamisi. Amesema ataiacha Tanga kwa mdogo wake, naye ataipandisha kwenye basi la Lushoto. Naomba uvae miwani ujisomee mwenyewe, hata kama itachukua siku mbili. Usimpe Mjomba Kasimu. Yeye akisoma barua anasoma kama anatangaza mnada, na mpaka watu wa ng'ambo ya mto wanajua habari zetu.

Wiki tatu zilizopita uliniuliza jambo kwenye simu. Ulisema Salma, mtoto wa mama mdogo Zubeda, anahamia kwako asome sekondari hapo, ukaniuliza, "Nimpe kitanda chako, au bado unakihitaji? Sema kweli, nisije nikagawa kitanda cha mtu." Nikakujibu, "Mimi niko sawa, Bibi," na hilo halikuwa jibu. Simu ilikuwa kwenye spika na Mama alikuwa ameketi pembeni yangu akikunja sare yake ya kazi. Nilijua huniulizi habari ya kitanda peke yake. Unaniuliza kama narudi. Nilikaa na swali hilo wiki tatu, nikalipeleka shuleni, nikalirudisha, mpaka Ijumaa nikapanda nalo kwenye mlima wa theluji. Kwa hiyo naomba nikueleze siku hiyo kwanza, ndipo nikujibu.

Shule yetu kila mwaka hupeleka kidato chetu milimani wakajifunze kuteleza. Ni safari ya basi ya saa sita hivi kwenda kusini. Unafungwa miguuni vibao viwili virefu, vyembamba, vinavyoitwa skii, mbele vimepinda juu kama ncha ya makubazi, kisha unasimama juu ya mteremko na kujiachia. Ndiyo hivyo tu, Bibi. Watu wanatoka mbali, wanavaa nguo za bei mbaya, wanapanda mlima ili washuke, wakishuka wanapanda tena. Hakuna anachokwenda kuchukua juu wala anachokuja kuuza chini.

Mimi nilijiandaa kama ninavyojiandaa na mitihani. Niliazima vitabu viwili maktaba ya Parramatta, nikavisoma vyote, nikaandika muhtasari kwenye daftari: magoti yakunjwe, uzito uwe mbele, macho yatazame mbali, usitazame miguu. Kwenye basi nilikuwa naukariri. Wanjiru, yule Mkenya ninayeketi naye darasani, alininyang'anya daftari.

"Rehe, si uachane na hii maneno? Hii kitu haisomwangi! Unapanda, unaanguka, unaitisha chai."

Hujawahi kumsikia Wanjiru akizungumza. Ungemwambia arudie polepole, kisha ungemwambia anyamaze. Lakini ndiye mwanafunzi pekee pale shuleni anayelitamka jina langu bila kulikosea, hata akilikata nusu, basi namvumilia mengi.

Asubuhi ya Ijumaa tulivalishwa buti. Si buti za kulimia. Ni ngumu, zinafungwa kwa vyuma, ukitembea nazo ni kama miguu imo ndani ya ndoo za zege iliyokauka. Nilivaa ushungi wangu mweusi, juu yake helmeti, juu ya shingo ile skafu ya bluu uliyonifumia. Baridi yake siyo ya Lushoto. Ya Lushoto inakuja na harufu ya udongo na moshi wa jikoni. Hii haina harufu yoyote, inakukata puani tu.

Basi tukiwa uwanja wa magari nikamwona bibi mmoja wa Kizungu, mtu mzima kama wewe, koti jekundu lililopauka, amebeba skii zake begani na fimbo zake mbili za kutelezea mkononi, anapanda ngazi moja, anapumzika, anapanda ya pili. Vijana wazima wanampita kushoto na kulia. Sikufikiri, Bibi. Mwili ndio uliokwenda. Nilimfuata kwa kadiri buti zilivyoniruhusu, nikashika zile skii, nikasema, "Naomba nikupokee."

Akazivuta kwake. "Ziache! Najiweza. Nilikuwa nabeba skii zangu mwenyewe kabla mama yako hajazaliwa."

Watu waligeuka. Mmoja nadhani aliona kama namwibia. Mwalimu wetu akaja mbio, akamwomba radhi yule bibi, kisha akaniambia kwa upole, na upole wake ndio ulioniuma zaidi, "Rehema, huku hatugusi vitu vya watu bila kuuliza." Nikasema samahani. Nilitaka kumweleza kwamba kwetu nikimpita mtu wa umri ule na mzigo wake, habari itakufikia wewe kabla mimi sijafika nyumbani. Lakini nimechoka kueleza, Bibi. Huku kila kitu ninachofanya bila kufikiri kinahitaji maelezo, na maelezo yanahitaji Kiingereza kizuri, na mpaka nimekipata hicho Kiingereza watu wameshaondoka. Nikasema samahani, nikarudi kwenye mstari.

Mwalimu wa kuteleza alikuwa kijana kutoka New Zealand, midomo imepakwa dawa nyeupe ya jua. Somo la kwanza lilikuwa kuanguka. "Ukijua kuanguka, mengine yatakuja," alisema. Mengine hayakuja. Nilianguka mbele, nikaanguka nyuma, nikaanguka nikiwa nimesimama tu bila kwenda popote. Yule kijana akaniuliza, "Unajua unapokosea?" Nikamwambia ndiyo, uzito wangu uko nyuma ya kisigino na mabega yangu hayafuati mwelekeo wa mteremko. Akanitazama. "Ni sahihi kabisa," akasema, na mimi nikaanguka. Mtoto wa miaka kama sita alinipita akila chokoleti.

Mchana, baada ya kula, wanafunzi waliruhusiwa kupanda viti vya kilima cha wanaoanza. Kuna waya mrefu unaozunguka, umening'inizwa viti. Kiti kinakuja nyuma yako bila kusimama, unakalia, kinakubeba juu. Wanjiru akanishika mkono, tukaingia kwenye foleni. Nyuma yetu kulikuwa na mama na baba wa makamo. Nikawapisha, nikasema, "Tangulieni." Wakashukuru sana, kama nimewapa kitu. Nyuma yao kulikuwa na mzee mwenye masharubu, naye nikampisha. Nilipogeuka, Wanjiru alikuwa tayari amekaa kwenye kiti na yule mzee mwenye masharubu, anapaa, anapiga kelele, "Wee Rehe! Unagawa laini kama peremende?" Kwao foleni huiita laini.

Nikabaki peke yangu. Mtu wa viti akaniuliza, "Uko peke yako?" Nikaitikia kwa kichwa. Akanionyesha foleni ya pili, palipokuwa na nafasi moja. Nikaenda nilikoonyeshwa. Kiti kikaja, nikakaa, chuma cha kuzuia kikashuka mapajani, na ndipo nikaona koti jekundu lililopauka pembeni yangu.

"Aa," akasema yule bibi. "Mwizi wangu wa skii."

Nilitamani kuruka, lakini tayari tulikuwa juu ya miti. Kiti kile hakikuwa cha kilima cha wanaoanza. Kilipita kilima, kikapita nyumba ya chai, kikaendelea kupanda mpaka watu wa chini wakawa kama siafu. Nikamwomba radhi kwa yale ya asubuhi, nikamweleza. Safari hii nilikuwa na muda, maana hakuna pa kwenda ukiwa kwenye kiti. Akasikiliza, akasema jina lake Maureen, ana miaka sabini na sita, na nimwite Maureen. Siwezi, Bibi. Nilimwita Bi Maureen kimoyomoyo, mdomoni sikumwita chochote.

"Unapapenda huku?" akaniuliza.

"Ndiyo. Pazuri," nikasema. Jibu hilo linatoka lenyewe siku hizi. Nimelitoa dukani, kwa daktari wa meno, na kwa kila mtu anayemjua Mama.

"Na unajua kuteleza?"

"Kidogo."

Akanitazama buti na jinsi nilivyoshika fimbo. "Hapa juu si pa kidogo. Tukifika, mwambie mtu wa viti akurudishe chini na kiti. Huwa wanafanya hivyo."

Nikasema, "Niko sawa." Nisingeweza kumwomba mtu asimamishe mashine ya watu wote kwa ajili yangu. Wewe unanijua. Mimi ndiye niliyekaa kwenye basi mpaka Mombo kwa aibu ya kumwambia kondakta ashushe.

Juu kulikuwa na ukungu. Hapo kidogo nikafarijika, maana ukungu naujua. Bi Maureen akatelemka mbele yangu, taratibu, akinionyesha kukata mteremko kwa mshazari, kama tunavyoshuka shambani kwako na tenga. Kichwani nilielewa. Nikaanguka mara tano. Mara ya tano skii moja ilichomoka na theluji ikaniingia mgongoni mpaka kiunoni, nikasema basi. Nikafungua na ile nyingine. Nikavua helmeti nikaining'iniza mkononi, nikakunja skafu yako nikaifanya ngata, nikaiweka juu ya ushungi, nikafunga skii mbili na fimbo zangu pamoja kwa mkanda wa begi langu la mgongoni, nikajitwisha kichwani. Nikaanza kushuka kwa miguu pembezoni, karibu na miti, kisigino kwanza. Na ilikuwa rahisi, Bibi! Shingo ilikumbuka yenyewe. Ndiyo hatua za kwanza nilizotembea siku ile bila kuwaza muhtasari.

Bi Maureen aliponiona alisimama akiduwaa. Kisha akacheka. Hakucheka kwa dharau. Alicheka mpaka nguvu zikamwishia, akakaa kwenye theluji, akajifuta machozi kwa glovu. "Miaka hamsini naja hapa," akasema, "sijaona mtu akishuka hivyo." Hata mimi nikacheka, na skii kichwani hazikutikisika.

Lakini kicheko kilipokwisha hakusimama. Alijaribu, goti likakataa. Akajaribu tena, rangi ikamtoka usoni.

"Unaumia?" nikauliza.

"Niko sawa," akasema. "Napumzika tu."

Wakati huohuo mwokoaji wa mlimani akatokea kwenye ukungu, kijana mwenye koti lenye msalaba mgongoni, akasimama mbele yetu kwa mbwembwe, theluji ikaruka. Akatutazama: bibi kizee amekaa chini, na msichana amesimama na skii kichwani.

"Ninyi wawili mko sawa?"

"Tuko sawa," tukasema wote wawili, kwa pamoja, kama darasa.

Akainua kidole gumba, akaenda zake.

Tukamtazama akipotea. Ukimya wa mlima ule ni mkubwa, theluji inameza sauti yote. Kisha Bi Maureen akasema, "Sisi ni wajinga kabisa, mimi na wewe." Mimi siwezi kumwambia mtu mzima kwamba ni mjinga, lakini nadhani uso wangu ulikubali.

"Niulize tena," akasema.

Nikamuuliza tena. Akasema goti lake limeoza. Daktari amemkataza kuja. Mwanawe amemkataza. Leo ameendesha gari mwenyewe bila kumwambia mtu, na asubuhi pale ngazini mikono ilikuwa inamuuma hata alikaribia kuniachia zile skii. "Nilikuwa nataka kukupa," akasema. "Ndiyo maana nilikukaripia."

Sijui kwa nini maneno hayo yalinigusa vile. Nilimwona Mama. Mama anarudi kutoka kwenye ile nyumba ya kutunzia wazee anakofanya kazi, amewainua na kuwageuza watu wazima kutwa nzima, anashika ukuta akivua viatu, na mimi nauliza, "Mgongo, Mama?" naye anasema, "Niko sawa, mwanangu, vipi shule?" Na mimi najibu, "Shule iko sawa." Kisha kila mmoja anaingia chumbani kwake na uchovu wake.

Basi nikashusha skii zangu. Mama alipokuwa anasomea kazi yake, mimi ndiye niliyekuwa mzee wake wa mazoezi. Alikuwa ananilaza sebuleni chini, ananiambia, "Sasa wewe una miaka themanini na nyonga mbovu," kisha ananiinua. Najua kila hatua. Humvuti mtu mkono. Unamfungua kilichomfunga miguuni, unamgeuza ubavu, anapiga goti lile zima, unapiga lako karibu yake, mkono wako mgongoni na mwingine kwenye nyonga, mnahesabu pamoja. Nilimwambia Bi Maureen nitakavyofanya kabla sijamgusa, kama Mama anavyowaambia wazee wake. Tukahesabu moja, mbili, tatu. Akasimama.

"Nani kakufundisha?"

"Mama yangu."

"Basi mwambie nimesema anajua kazi." Akavuta pumzi kidogo. "Haya, sasa ni zamu yangu. Unapapenda huku?"

Bibi, nilimwambia mgeni kitu ambacho sijakuambia wewe. Nilimwambia sipapendi. Nilimwambia nimechoka, uchovu ambao kulala hakuupunguzi. Nilimwambia kwamba kuna kitanda changu karibu na dirisha, mahali ambapo asubuhi ukifungua unaona ukungu na kabichi, na kwamba bibi yangu ameuliza kama akigawe, na kila nikifikiria mtu mwingine amelala pale nakosa hewa. Nilisema yote kwa Kiingereza kibovu, makamasi yananitoka. Hakunishauri kitu. Alisema tu, "Nimekusikia," akachomeka fimbo zake kwenye theluji, kisha akaniinulia skii zake kwa mikono miwili, kama mtu anayempa mtu mtoto.

"Sasa," akasema, "naomba unipokee."

Nikazifunga zote nne pamoja, nikajitwisha. Yeye akashika fimbo zake na bega langu. Tuliteremka pembezoni polepole, tukipumzika kwenye kila mti mkubwa, na nadhani tulichukua zaidi ya saa nzima. Shingo ilikuwa inawaka moto. Miguu ilikuwa inatumbukia mpaka magotini.

Chini tulikuta kidato kizima kimepangwa mstari kinahesabiwa. Nilikuwa nimekosekana. Mwalimu alikuwa mweupe kama mlima, na alinigombeza mbele ya wote mpaka Bi Maureen akamkatiza, akamwambia amgombeze yeye. Simu zilikuwa zimeshatoka mifukoni. Miaka miwili nimejitahidi nisionekane pale shuleni, nikaonekana siku moja na skii nne kichwani. Wanjiru akapenya katikati ya watu.

"Rehe! Umetoka kuokota kuni huko juu ama?" Kisha akaona uso wangu, akanitua ule mzigo, akazibeba skii zote begani mpaka kwenye gari la Bi Maureen. Tulipofika akamwambia, kwa neno ambalo kwao ni bibi, "Shosho, enda nyumbani ulale."

Bi Maureen alikaa kwenye gari mlango ukiwa wazi, akinitazama. "Mwanangu atapiga simu jioni," akasema. "Sijui nitamwambiaje." Nikamwambia hata mimi sijui. Tukaagana hivyo. Mwalimu alimtafutia mtu wa kumwendeshea.

Tulirudi jana. Basi lilitushusha Parramatta mchana, na Mama alikuwa ananisubiri akiwa na sare, ametoka shifti, begi lake zito begani. Nikalishika. Akalivuta. "Acha, niko sawa, wewe ndiye umetoka safari." Sikuachia, Bibi. Tulisimama pale kituoni tunavutana begi kama watoto, watu wanapita. Nikamwambia, "Mama, hauko sawa. Na mimi siko sawa. Niachie begi." Akaachia.

Tukapanda treni ya kuja Guildford. Nyumbani akaanza kumenya viazi, ndipo nikamwambia. Nilimkumbusha swali lako la kitanda, nikamwambia sikukujibu kwa sababu yeye alikuwa pale.

"Ungemjibu nini?" akauliza bila kugeuka.

"Kwamba nataka kurudi."

Kisu kikasimama. Nilidhani atakasirika, au ataniambia alivyohangaika mpaka tukafika huku, ambayo ingekuwa kweli. Akasema, "Mimi pia." Hivyo tu. Kisha akakaa kwenye kiti, kiazi bado kiko mkononi, akaniambia mgongo unamuuma tangu Februari, na kwamba kila akikupigia simu anakaa sawasawa kwanza, ili sauti isitoke imepinda. Nikachukua ile dawa ya kuchua nikamkanda, palepale jikoni, na tulizungumza kuliko tulivyozungumza mwaka mzima. Jumatatu nitakwenda naye kwa daktari. Ameniahidi kwamba atasema kweli, na mimi nitakuwa pale kusikiliza kama anasema.

Nilimuuliza kama nikirudi kwako atabaki na nani. Akasema nisimfikirie yeye. Lakini ndiye ninayemfikiria, Bibi. Nikiondoka sasa, hakutakuwa na mtu humu ndani wa kumwuliza mara ya pili. Na amesema nikimaliza shule, kama bado nataka, hatanizuia, atanisindikiza mwenyewe mpaka mlangoni kwako.

Baadaye nikamwuliza kuhusu kitanda chenyewe. Akacheka, cheko ambalo sijalisikia siku nyingi. "Hicho kitanda unachokililia? Tulikilalia mimi na Zubeda miaka tisa, tena na paka katikati. Futi nne zile. Mimi dirishani, Zubeda ukutani, na tukigombana ni mgongo kwa mgongo."

Sikuwa najua. Nilidhani kilikuwa changu tu.

Nimekufungia soksi nene mbili, zile za mlimani, uvae shambani asubuhi. Glovu ni za Mjomba Kasimu, mwambie zisimzuie kushika jembe. Nisalimie mama mdogo Zubeda, umwambie dada yake anamkumbuka na anasema bado anamdai nusu ya shuka. Nisalimie mwalimu wangu wa zamani hapo jirani, umwambie vitabu bado nasoma ingawa havikunisaidia kusimama. Mama Nuru ukionana naye mshukuru. Na kikohozi hicho, tafadhali, usiniambie kimepona kama hakijapona.

Sasa nimefika mwisho, na nilisema nitaona kama naweza kuandika kwamba hatujambo. Bado, Bibi. Hatujawa hivyo. Lakini tumeambiana.

Kuhusu swali lako: mpe Salma kitanda. Mwambie alale upande wa ukutani.

Mjukuu wako,
Rehema